Wosia usiotaja sababu ni mbegu ya kesi

Wengi wetu tunaoishi ughaibuni tumewahi kuyasikia maneno haya baada ya msiba: wewe uko Ulaya, huna shida, mali waachie walio nyumbani. Wengine hawaambiwi hata hilo. Wanakuja kujua kwamba marehemu aliacha wosia na majina yao hayamo, wakati shamba limeshauzwa na hati ya nyumba imeshabadilishwa jina.

Tuseme wazi kwamba mtu ana haki ya kuusia mali aliyoitolea jasho. Lakini haki hiyo ina mipaka, na anayeisahau mipaka hiyo huwaachia watoto wake kesi badala ya urithi.

Mfano ulio karibu ni wa marehemu Reginald Mengi, aliyefariki Dubai Mei 2019. Wosia uliodaiwa kuwa wake, wa Agosti 2017, ulimpa mali mjane wake na watoto wao pacha, ukawaacha watoto wake wakubwa. Mei 2021 Mahakama Kuu, Dar es Salaam, iliukataa. Miongoni mwa sababu ilikuwa afya ya marehemu, na pia kwamba watoto walinyimwa bila kuelezwa kwa nini.

Hoja hiyo si ngeni. Kanuni za urithi wa kimila zilizotangazwa Tanganyika mwaka 1963 zinamtaka mwosia anayemnyima mrithi aseme hivyo waziwazi na ataje kosa, na anayenyimwa apewe nafasi ya kujitetea mbele ya mwosia au baraza la ukoo. Kanuni hizo zina dosari kubwa, hasa kwa wanawake, nasi hatuzisifu zote. Lakini katika hili wazee waliona mbali, kwani si haki mtu ahukumiwe na karatasi asiyoweza kuijibu.

Kwa Waislamu wa Sunni mlango ni mwembamba zaidi: wosia hauvuki theluthi moja ya mali, na mrithi haongezewi juu ya fungu lake bila wenzake kuridhia.

Kenya, Sheria ya Urithi iliyoanza kutumika mwaka 1981 inamruhusu mtu kuusia apendavyo, ila kifungu cha 26 kinaipa mahakama uwezo wa kumtengea fungu mwenzi au mtoto aliyeachwa. England na Wales wanayo sheria kama hiyo ya mwaka 1975. Lakini msitegemee miujiza. Mwaka 2017 Mahakama ya Juu ilimpa binti mmoja pauni 50,000 katika mirathi ya pauni 486,000 ambayo mama yake aliiachia zaidi mashirika ya kutunza wanyama. Kiasi hicho hicho alikuwa amepewa na mahakama ya chini miaka kumi nyuma.

Hapa ndipo tulio mbali tunapoumia, kwa sababu muda hautungoji. England na Wales dai linafunguliwa ndani ya miezi sita tangu msimamizi apewe kibali, na baada ya hapo mpaka mahakama ikuonee huruma. Kenya dai la kifungu cha 26 halipokelewi kibali kikishathibitishwa. Anayesubiri likizo ya Desemba ili "akaongee na wazee" anaweza kukuta mambo yamekwisha.

Kwa hiyo ushauri wetu ni huu. Mwenye mali aandike wosia angali mzima, mbele ya mashahidi wanaotakiwa na sheria inayomhusu. Akitaka kumpunguzia au kumnyima mtoto, amwite, amwambie, aandike na sababu. Tena awataje watoto wote, wa ndani na wa nje ya ndoa. Na wewe uliye ughaibuni, ukipata habari ya msiba, pamoja na kutuma rambirambi, uliza mapema nani amefungua mirathi na katika mahakama gani.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Sisi tunaongeza: daftari lililofichwa nalo hupoteza undugu.