Mnyonge Mnyongeni, Haki ya Ding Junhui Mpeni

Leo naomba ruhusa tuachane na hifadhidata na programu zinazogoma usiku wa manane. Nataka kuzungumzia mchezo. Lakini msiondoke, hesabu itakuwapo huko mbele.

Chanzo ni ubishi. Mwezi Mei 2025 Zhao Xintong alimshinda Mark Williams 18-12 na kuwa Mwasia wa kwanza kutwaa Ubingwa wa Dunia wa snuka. Kesho yake jamaa mmoja tunayefanya naye kazi akanijia akicheka: "Umeona? Huyo Ding wako amehangaika miaka ishirini. Kijana amekuja akamaliza kazi!" Tulibishana mpaka chai ikapoa. Sikushinda ubishi ule, kwa hivyo nimekuja kuumalizia hapa ambapo hakuna wa kunikata kauli.

Kwanza tuelewane kuhusu mchezo wenyewe. Wengi wetu tunajua pool, ile ya meza ndogo mtaani. Snuka ni kaka yake. Meza ina urefu wa kama futi 12 na upana wa futi 6, mashimo yamebana, na mipira ni 22: mmoja mweupe wa kupigia, 15 myekundu, na sita ya rangi nyingine. Ukitumbukiza mwekundu unapata pointi 1 na ruhusa ya kupiga wa rangi. Wa manjano una pointi 2, halafu kijani, kahawia, buluu, waridi, hadi mweusi wenye 7. Ule wa rangi hurudishwa mezani, mwekundu haurudi. Myekundu ikiisha, unamaliza ile sita kwa mpangilio. Mwanaprogramu anaona kitanzi hapo mara moja: 15 × (1 + 7) = 120, ongeza 27 za mwisho, unapata 147. Hiyo 147 ndiyo ndoto ya kila mchezaji.

Haya, turudi kwa Ding Junhui. Alizaliwa tarehe 1 Aprili 1987 huko Yixing, mkoa wa Jiangsu, China. Aliacha shule mapema ili ajifunze snuka. Mwaka 2002, akiwa na miaka 15 tu, alikuwa bingwa wa Asia na bingwa wa dunia wa vijana chini ya miaka 21. Mwaka uliofuata akawa mchezaji wa kulipwa na kuhamia Uingereza, akiwa na Kiingereza kidogo sana, katika mchezo ambao karibu kila aliyekuwa juu alitoka Uingereza au Ireland.

Aprili 2005, siku chache baada ya kutimiza miaka 18, alicheza China Open mjini Beijing kama mwalikwa. Akafika fainali, na upande wa pili wa meza alikuwapo Stephen Hendry, bingwa wa dunia mara saba. Ding alishinda 9-5. Iliripotiwa kwamba watu zaidi ya milioni 100 nchini China waliitazama fainali hiyo kwenye televisheni. Desemba mwaka huohuo alimshinda Steve Davis 10-6 katika fainali ya UK Championship, na kuwa wa kwanza kutoka nje ya Uingereza na Ireland kulitwaa taji hilo. Yaani katika mwaka mmoja, kijana wa miaka 18 aliwapiga kwenye fainali wafalme wa miaka ya themanini na tisini.

Hapo ndipo mzigo ulipoanza. Januari 2007 kwenye Masters mjini London alipiga 147. Wiki hiyohiyo akafika fainali dhidi ya Ronnie O'Sullivan, ukumbi uliojaa mashabiki wa mwenzake. Alifungwa 10-3 na akalia machozi mbele ya watu. O'Sullivan mwenyewe alimkumbatia na kumfariji. Alikuwa na miaka 19. Nani kati yetu alikuwa na nchi nzima mabegani akiwa na miaka 19? Mimi umri huo nilikuwa nasahau kuweka nukta-mkato mwishoni mwa mstari na kulaumu tarakilishi.

Hakuvunjika. Alitwaa UK Championship tena mwaka 2009 kwa kumshinda John Higgins, na Masters mwaka 2011 kwa kumfunga Marco Fu wa Hong Kong 10-4. Msimu wa 2013/14 alishinda mashindano matano yanayohesabiwa katika orodha ya ubora wa dunia, akafikia rekodi ambayo Hendry aliiweka msimu wa 1990/91. Desemba 2014 akawa namba moja duniani, Mwasia wa kwanza kufika hapo. Mwaka 2019 akaongeza UK Championship ya tatu. Mwaka 2024, akiwa na miaka 37, alimshinda Chris Wakelin 10-7 kwenye International Championship, na hilo likawa taji lake la 15 la aina hiyo.

Lakini ukitaja hayo yote, jamaa yangu anauliza swali moja tu: Ubingwa wa Dunia uko wapi? Ni kweli, hadi fainali ile ya 2025 hakuwa ameupata. Sasa tufanye hesabu niliyoahidi.

Ubingwa wa Dunia huchezwa kwenye ukumbi wa Crucible, mjini Sheffield, tangu mwaka 1977. Ili uwe bingwa lazima ushinde mechi tano mfululizo, na kila raundi inarefuka: wa kwanza kufikisha fremu 10, halafu 13, tena 13, halafu 17, na fainali 18. Ukiteleza mara moja, tuonane mwakani. Tuseme mchezaji ni hodari kiasi kwamba ana nafasi ya asilimia 70 ya kushinda kila mechi. Hiyo ni nafasi kubwa mno, kwani huko hakuna wachovu. Zidisha 0.7 kwa yenyewe mara tano: unapata kama 0.17. Maana yake, bingwa huyu wa kufikirika anatarajiwa kutwaa kombe mara moja hivi katika miaka sita.

Twende mbele. Nafasi ya kutolitwaa katika mwaka mmoja ni 0.83. Zidisha hiyo kwa miaka kumi, inabaki kama 0.16. Yaani ukichukua wachezaji 100 wa kiwango hicho, ukawapa miaka kumi kila mmoja, 16 kati yao watarudi nyumbani mikono mitupu. Hawakukosa ujuzi wala moyo. Ni hesabu tu. Na ukishusha ile asilimia 70 iwe 60, nafasi ya kombe kwa mwaka inaanguka hadi chini ya 8 kwa mia. Fungueni kikokotoo cha simu mjionee.

Najua mtakachosema, maana jamaa yangu alikisema: mwanadamu si kete. Hendry alishinda mara saba katika miaka ya tisini, kwa hivyo mkubwa wa kweli hupata njia. Nakubali nusu. Ding hakucheza Crucible kama alivyocheza kwingine, na siwezi kuificha hiyo nyuma ya desimali. Mwaka 2011 alifungwa nusu fainali na Judd Trump 17-15, na kuna miaka aliyoondoka mapema mno. Shinikizo lilimla. Lakini shinikizo hilo lilitoka wapi? Trump akishindwa, Waingereza wana mwingine wa kumtazama. Kwa miaka mingi Ding akishindwa, China ilikuwa imefungwa.

Tazameni mwaka 2016. Alikuwa ameporomoka nje ya 16 bora, ikambidi aanzie kwenye mchujo. Akashinda mechi tatu za mchujo, akaingia Crucible, na kwenye nusu fainali dhidi ya Alan McManus akapiga mifululizo saba ya pointi 100 au zaidi. Akawa Mwasia wa kwanza kufika fainali ya dunia. Mark Selby akaongoza 6-0. Wengi wangekubali yaishe, yeye akarudi taratibu, na mwishowe akafungwa 18-14. Usiku uleule Chelsea walitoka sare na Tottenham na Leicester City wakawa mabingwa wa ligi, kwa hivyo wengi wetu hapa Kenya macho yalikuwa kwenye kandanda. Selby mwenyewe ni mtu wa Leicester. Ding aliondoka bila kombe katika usiku ambao dunia ilikuwa inasherehekea mnyonge mwingine.

Sasa Zhao. Simpunguzii hata chembe. Alipitia mechi nne za mchujo, akamfunga O'Sullivan 17-7 kwenye nusu fainali, na alifanya yote hayo akiwa hana hata nafasi ya mchezaji wa kulipwa. Aliipoteza kwa sababu ya adhabu. Mwaka 2023 Wachina kumi waliadhibiwa katika kesi ya upangaji matokeo, wawili wakafungiwa maisha. Zhao hakupatikana na kosa la kupanga mechi yake mwenyewe, lakini alihusika na mpango wa mwenzake na aliweka dau kwenye mechi za snuka, akafungiwa miezi 20. Hii nayo ni sehemu ya habari. Barabara ikifunguliwa hupita wengi, na si wote wanaopita salama. Vijana wale walitoka mbali na nyumbani wakiwa wadogo, kama Ding, ila wao walikuta njia imeshafyekwa. Ding aliyeifyeka, katika kesi ile jina lake halikuwamo.

Na njia hiyo inaonekana kwa macho. Sheffield kuna chuo cha snuka chenye jina la Ding, ambako vijana wa Kichina hufanyia mazoezi. Zhao alikuwa na umri wa miaka minane siku Hendry alipofungwa Beijing. Sidai kwamba bila Ding kusingekuwa na Zhao, hilo hakuna anayeweza kulithibitisha. Nadai tu kwamba mtoto wa mwaka 2005 alipowasha televisheni, alimwona mtu anayefanana naye akishinda. Yeye Ding alipokuwa mtoto hakuwa na wa kumtazama hivyo.

Sisi tunaoandika programu tunalijua jambo hili kuliko wengi. Kila programu inayosifiwa inasimama juu ya kazi ya mtu aliyeandika maktaba fulani miaka mingi iliyopita, akarekebisha makosa usiku, na jina lake halimo kwenye skrini ya kwanza. Mteja humpongeza aliyebonyeza kitufe cha mwisho. Sawa, apongezwe. Lakini sisi tuliofungua kodi tukaona nani aliandika nini, tukinyamaza tunakuwa tumeshiriki dhuluma.

Kwa hivyo jamaa yangu, kwa kuwa najua unasoma: Zhao ni bingwa wa dunia wa mwaka 2025, na Ding si "aliyehangaika". Mataji 15, UK Championship tatu, Masters moja, namba moja duniani, na mlango uliofunguliwa kwa kizazi kizima. Kombe moja halifuti hayo. Kesho chai nanunua mimi, lakini ubishi huu kwangu umekwisha.