Msitupe kompyuta, badilisheni diski

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako ili nitoe maoni juu ya jambo linalowagharimu wananchi wengi, yaani kama diski yenye kasi zaidi katika kompyuta mpakato, au laptopu kama tulivyozoea kusema, inastahili fedha za ziada zinazodaiwa madukani.

Jibu langu ni kwamba inategemea ni kasi ya namna gani. Wauzaji huchanganya mambo matatu yasiyolingana hata kidogo.

Kwanza, ziko diski za zamani zenye sahani inayozunguka na kichwa kinachosoma. Nyingi katika laptopu huzunguka mara 5,400 kwa dakika, na zile zinazosifiwa mara 7,200. Tofauti hiyo inaonekana kubwa, lakini tupige hesabu. Ya kwanza humaliza mzunguko mmoja kwa milisekunde 11 hivi, ya pili kwa milisekunde 8 na kidogo. Kwa wastani kichwa husubiri nusu mzunguko, kwa hiyo kinachookolewa hakifiki hata milisekunde mbili. Kichwa chenyewe bado hakijasogea, na huko kusogea ndiko kunakokula muda zaidi. Kulipia tofauti hiyo ni hasara.

Pili, ziko diski zinazoitwa SSD, ambazo hazina kitu kinachozunguka. Kilichohifadhiwa humo hupatikana kwa takriban sehemu moja ya kumi ya milisekunde. Kompyuta inapowashwa husoma maelfu ya mafaili madogo yaliyotawanyika, na ndiyo maana mashine iliyochukua dakika kadhaa kuwaka huwa tayari kabla ya dakika moja kwisha. Tena hakuna kichwa cha kugonga sahani laptopu ikitikiswa ndani ya daladala. Fedha za hapa si za kupotea.

Tatu, ziko SSD za aina ya NVMe, ambazo husoma megabaiti 3,000 na zaidi kwa sekunde, wakati SSD za kawaida za SATA hufikia 500 na ushei. Anayehariri filamu na anunue. Lakini karani anayeandika barua na mwalimu anayetunga mitihani hawataona tofauti kubwa. Isitoshe, laptopu nyingi za zamani hazina hata mahali pa kuichomeka.

Nasema haya kwa sababu kazi yangu ni ufundi wa kompyuta. Ni jambo la kusikitisha kuona mwanafunzi akiambiwa kwamba laptopu yake imekufa, naye anakwenda kukopa ili anunue nyingine, kumbe ugonjwa ni diski tu. Maofisini nako mashine hurundikwa stoo kwa kuitwa mbovu bila kupimwa, kisha fedha za umma zinatoka kununua mpya.

Wapo watakaosema kwamba mashine kuukuu hazifai tena kwa kuwa Microsoft ilisitisha huduma ya kawaida kwa Windows 10 tarehe 14 Oktoba, 2025. Hiyo ni kweli, lakini nyingi kati ya hizo zinaweza kutumia Linux, ambayo ni ya bure, na kazi ya ofisi ikaendelea.

Hata hivyo, tusinunue kwa pupa. Kama RAM ni ndogo mno, diski peke yake haitaponya kila kitu. Kuna pia diski bandia zinazojitangaza kuwa na nafasi kubwa kuliko zilizo nayo, hivyo ijaribiwe kabla ya kulipa. Na kwa kuwa SSD inaweza kufa ghafla bila dalili, hapana budi kuweka nakala ya kazi zako mahali pengine.

Ushauri wangu kwa idara zote ni huu: kompyuta isiandikwe kuwa mbovu mpaka fundi ameijaribu kwa diski nyingine. Kwa mwananchi, kama diski pamoja na ufundi havizidi robo ya bei ya laptopu mpya, na abadilishe. Rahisi ni ghali, lakini kuna ghali nyingine isiyo na faida yoyote.



Fundi wa Kompyuta,
Dodoma