Pimeni Gari Kwanza Kabla ya Kukata Mshahara wa Dereva

Bwana Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti letu niseme juu ya jambo ambalo huenda wengine wataliona ni la mafundi peke yao. Ni juu ya magari yanayosimama kwa upepo badala ya springi za chuma, na juu ya madereva wanaokatwa mshahara magari hayo yanapolala chini. Mimi ni mfanyakazi wa reli, kazi yangu ni kukagua mabehewa, na elimu yangu ni ile ya shule ya misheni, ya chini tu. Lakini upepo naujua. Upepo wa breki za treni na upepo wa gari ni ndugu wa baba mmoja, na huvuja kwa tabia zile zile.

Gari ninalolisema hasa ni Range Rover ya zamani, ile iliyotoka Uingereza mwaka 1994 na kuendelea kutengenezwa mpaka karibu mwaka 2002, ambayo mafundi huiita P38. Matajiri wengi huipenda kwa sababu ni gari la heshima na siku hizi hununuliwa kwa bei ndogo. Kuinunua ni rahisi, kuitunza ndiyo kazi. Kila gurudumu lina mfuko wa mpira uliojaa upepo. Chini ya boneti kuna sanduku, na ndani ya sanduku mna kompresa ndogo ya umeme pamoja na kile kipande chenye vali kinachogawa upepo kwa mifuko yote minne. Liko tangi la akiba. Ziko sensa nne, moja kwa kila gurudumu, zinazoiambia kompyuta gari limeinuka kiasi gani. Paipu ni za nailoni, nyembamba, milimita 6 tu, na ndani yake upepo wa tangi hufika kama bar 10, yaani zaidi ya mara nne ya upepo wa gurudumu la gari dogo. Kwa mpango huu gari huinuka likienda porini, na hushuka ili mzee apande bila kuinua mguu sana. Ni kazi nzuri ya akili, sisemi vinginevyo.

Sasa sikieni yaliyompata mwanachama mmoja, ambaye simtaji, wala simtaji tajiri wake wala gereji yao. Gari la tajiri lilianza kulala chini usiku. Asubuhi dereva akiwasha, kompresa hunguruma muda mrefu ndipo gari liinuke. Likapelekwa gereji. Fundi hakupima lo lote, akasema kompresa imekwisha, ikanunuliwa nyingine. Baada ya wiki chache nayo ikaungua. Hapo tajiri akakasirika, akasema dereva ndiye aliyeichoma, kwa kuwa aliendelea kuliendesha gari huku maandishi ya EAS MANUAL yakionekana mbele yake. Dereva akakatwa mshahara miezi miwili mfululizo. Ana watoto wanne na karo ya mmoja ilikuwa bado. Jumapili moja alasiri tulikwenda mimi na yeye na ndoo ya maji ya sabuni na brashi ya kupakia rangi. Tuliliinua gari mpaka juu kabisa, kwa maana mpira ukinyooka ndipo mikunjo yake huonekana. Mfuko wa nyuma wa kushoto ulitoa povu kama chai ya maziwa inayochemka. Mpira ulikuwa umepasuka nyufa ndogo ndogo pale unapojikunja, kwa uzee. Kompresa zote mbili hazikuwa na kosa mwanzoni. Zilikufa kwa kazi ya kujaza mfuko unaovuja mchana na usiku.

Hili ndilo nataka viongozi wetu wa matawi walishike. Katika mitambo ya upepo, kile kinachoungua mara nyingi sicho kilichokosa. Sisi wa reli tukiona kompresa ya injini inafanya kazi bila kupumzika, hatukimbilii kununua kompresa. Tunajaza bomba, tunafunga, tunasimama tukiangalia geji. Sindano ikishuka upesi, tunatembea kutoka behewa hata behewa tukisikiliza kwenye hosi na kwenye viungo, mpaka tuupate mvujo. Mtu anayebadilisha kompresa bila kutafuta mvujo ni kama anayenunua punda mpya kwa sababu mtungi umetoboka.

Wako watakaosema kupima gari la kompyuta kunahitaji mashine ya bei kubwa. Kwa sehemu ni kweli. Gari hili likipata hitilafu nzito, kompyuta hukataa kufanya kazi mpaka ifunguliwe kwa chombo chake, na wakati huo humwamuru dereva asizidi maili 35 kwa saa, ambazo ni kama kilomita 56. Lakini kufuta hitilafu katika kompyuta hakuzibi tundu. Nimeona watu wakilipa pesa kufutiwa, na baada ya siku mbili gari liko chini tena. Sehemu kubwa ya upimaji ni macho, masikio, sabuni, futi ya kupimia na subira ya usiku mmoja.

Subira hiyo ina ujanja wake, nami nitaueleza kwa urefu kwa sababu ndipo mafundi wengi hupotea. Gari likiwa limeegeshwa na kufungwa, kompyuta yake hailali moja kwa moja. Huamka kila baada ya saa kadhaa, huangalia pembe nne, na ikiona pembe moja imeshuka huzishusha nyingine tatu zilingane nayo. Kwa hiyo mfuko mmoja ukivuja, asubuhi unakuta gari zima limelala. Fundi asiyejua jambo hili hutazama gari lililolala sawasawa pande zote, akasema mifuko yote minne imekwisha, au kompresa imekwisha, na tajiri humwamini. Dawa ni kuizuia kompyuta usiku huo, kwa kuitoa ile rilei inayoiamsha, au kuichomoa kompyuta yenyewe. Kabla ya kuondoka, pima kutoka katikati ya gurudumu mpaka ukingo wa bodi juu yake, pembe zote nne, na uandike. Asubuhi pima tena. Pembe iliyoshuka ndiyo yenye mvujo, na zile zilizobaki juu hazina neno. Usiku mmoja na karatasi moja humpa tajiri habari ambayo kompresa mbili hazikumpa.

Ukiisha kuijua pembe, fuata paipu kwa sabuni toka kwenye mfuko hata kwenye sanduku. Mfuko ukiwa mzima, angalia pale paipu inapoingia. Kila kiungo kina oringi ndogo, na ndani ya kile kipande cha vali mna oringi nyingi zaidi ambazo kwa umri hukauka na kuwa bapa. Hizi hubadilishwa moja moja kwa pesa kidogo, lakini ziko gereji zinazouza kipande kizima. Paipu ikikatwa, ikatwe sawa, kwa kisu kikali, wala si kwa koleo, maana ncha iliyopinda huikata oringi mpya siku ile ile.

Kama gari halikushuka usiku lakini asubuhi kompresa hunguruma muda mrefu, basi mifuko haina kosa. Upepo umetoka kwenye tangi, au kwenye paipu zake, au njia ya kutolea upepo haifungi. Weka kidole kwenye tundu hilo la kutolea wakati gari limesimama tu. Ukisikia pumzi, umempata mwizi. Na kama kompresa hunguruma bila kuinua cho chote wala hakuna mvujo, hapo ndipo pa kusema pete ya pistoni yake imekwisha. Kama haingurumi kabisa, angalia fyuzi na rilei, ngoja ipoe kwa maana ina kinga ya joto inayoizima, kisha ipe umeme wa betri moja kwa moja. Ikizunguka, kosa liko kwingine.

Sensa nazo zina uongo wake. Gari likiinuka upande mmoja na kushuka, likiinuka na kushuka, kama mtu asiyeamua, na huku hakuna povu mahali po pote, pima umeme wa sensa ukiusogeza mkono wake polepole. Voti zake zapaswa kupanda na kushuka taratibu. Zikiruka, njia yake ya ndani imelika, na mara nyingi hulika pale pale gari linaposimama siku zote. Tena lile chujio la kukaushia upepo likisahauliwa miaka mingi, unyevu huingia katika vali, na ungaunga wake huziba vijitundu. Hilo ni kosa la kutotunza, na dereva hana mfuko wa kununulia chujio.

Neno moja la usalama, nalo nalisema kwa ukali. Asiingie mtu chini ya gari hili likiwa limeshikwa na upepo tu. Paipu ikifunguka, gari hushuka kama mlango wa jela. Weka stendi chini ya chesisi, au magogo imara, kisha toa upepo ndipo ufungue kiungo. Jeki peke yake si stendi. Treni ikipoteza upepo breki hukamata, ndivyo Westinghouse alivyoipanga tangu mwaka 1872. Gari hili likipoteza upepo humkamata aliye chini yake.

Sasa nakuja kwa mshahara. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 19, inamruhusu mwajiri kukata kiasi cha haki kwa mali iliyoharibika, lakini pale tu uharibifu umetokana na kosa la makusudi la mfanyakazi. Makusudi. Mpira uliopasuka kwa uzee una makusudi ya nani? Na tajiri ambaye hakupima atajuaje kama ni uzee, au ni oringi, au ni dereva? Yule aliyekata miezi miwili hakuwa na karatasi hata moja inayosema gari lina ugonjwa gani. Alikuwa na risiti za kompresa tu, na risiti huonyesha kilichonunuliwa, haionyeshi kilichoharibika. Tena kifungu cha 41 kinasema mtu asifukuzwe kwa kosa la kazi kabla ya kuelezwa sababu kwa lugha anayoielewa, naye ana haki ya kuwa na mfanyakazi mwenzake au mwakilishi wa chama mahali pa kazi. Madereva wengi wa watu binafsi hawajui hayo, kwa sababu hufanya kazi peke yao, hawana mwenzao wa kumwuliza wakati wa chai.

Matajiri nao wana neno lao, na sipendi kulificha. Dereva aliyeona onyo la kupunguza mwendo akaenda mbio mpaka Nakuru, huyo ana la kujibu. Na dereva anayeliona gari limelala asubuhi tatu bila kumwambia mtu, amekosa pia. Kwa sababu hiyo nawaomba ndugu madereva mwandike. Tarehe, saa, pembe iliyoshuka, maandishi yaliyoonekana, na nani uliyemwambia. Yule mwenzetu alikuwa ameandika katika daftari la safari mara tatu kwamba gari linalala, na mara zote karani aliweka sahihi yake. Daftari hilo ndilo mwakilishi wetu alilobeba kwa tajiri, pamoja na maelezo ya povu. Kukatwa kumesimama. Pesa za miezi miwili bado hazijarudi, na barua ya pili imepelekwa.

Wengine watasema ng'oeni upepo wote mtie springi za chuma, shauri liishe. Magari mengi yamefanyiwa hivyo. Mahali ambapo hakuna mifuko ya kununua wala fundi anayeelewa, siwalaumu, gari lazima liende. Lakini Nairobi mifuko hupatikana, na mtu akitupa mtambo wote kwa ajili ya mfuko mmoja au oringi ya shilingi chache, hiyo ni hasara yake mwenyewe, asiipeleke kwenye mshahara wa dereva.

Kwa hiyo naleta ombi kwa mkutano ujao wa tawi. Chama kiandike kwa waajiri wote tunaopatana nao, kwamba asikatwe dereva senti kwa gari lililoharibika mpaka iwepo karatasi ya upimaji. Karatasi hiyo ionyeshe vipimo vya pembe nne jioni na asubuhi, mahali povu lilipoonekana, umri wa mfuko kama unajulikana, na jina na sahihi ya fundi aliyepima. Nakala moja apewe dereva siku hiyo hiyo, na nyingine iletwe kwa mwakilishi wa chama. Fundi asiyetaka kutia sahihi yake juu ya alichokisema, neno lake lisimtoe mtu mkate mdomoni.

Ni mimi,
Mkaguzi wa Mabehewa