Dungu Lisilofukuza Ndege

Dungu la shambani hujengwa ili kufukuza ndege. Bali huko Saiwa, karibu na Kitale, katika hifadhi iliyotengwa mwaka 1974 kwa ajili ya nzohe, yamo madungu ya mbao ya kuwatazamia wanyama na ndege. Mkulima wa Mabanga mwenye kamera aweza kujifunza hapo. Na aketi kimya tangu asubuhi, asivae nguo nyeupe, angoje hata chozi amzoee. Lakini akiona kiota, asikate hata tawi moja ili apate mwanga. Majani yale ndiyo pazia la makinda: yakiondolewa, jua huwachoma na mwewe huwaona. Afadhali kurudi nyumbani bila picha kuliko kuacha nyuma kiota kitupu.