Mambo ya Nyumbani: Jumamosi za Mume na Mke

Tangu tulipoandika juu ya matembezi ya mume na mke, tumeletewa barua tatu zenye neno moja. Mwalimu mmoja wa Momba atuambia ya kuwa matembezi ni ya watu wenye motokaa, na ya kwamba kwao Jumamosi ni siku ya kufua na kulima. Neno lake si la kudharauliwa. Basi mwezi huu twataka kueleza jinsi sisi wenyewe, mume na mke tukaao hapa Tunduma, tuishivyo siku za kazi, jinsi tupatavyo Jumamosi moja katika mwezi ya kutoka pamoja, na neno lililotupata njiani mara ya mwisho.

Mmoja wetu, yaani mke, hufundisha shule ya msingi. Mumewe huandika karatasi za mizigo kwa wakala mmoja wa forodha. Asiyeujua mji huu afahamu ya kuwa umekaa juu ya mpaka hasa. Ukivuka hatua chache umefika Nakonde, nchi ya Zambia, nayo saa yako haisemi kweli tena, maana wao wako nyuma yetu kwa saa moja. Sokoni twasikia Kinyamwanga, Kinyiha, Kibemba na Kiswahili juu ya fungu moja la nyanya, na mwuzaji hupokea shilingi au kwacha pasipo kusitasita. Malori yaletayo shaba kwenda Dar es Salaam hupishana hapa na malori yachukuayo mafuta na bidhaa kwenda Zambia na Kongo. Tangu mwaka 2019, kituo cha pamoja cha mpakani kilipofunguliwa, karatasi hukaguliwa mahali pamoja badala ya pawili; walakini foleni ikiwa ndefu, mwandishi wa karatasi hurudi nyumbani watoto wamekwisha kulala.

Mwalimu naye hurudi na rundo la madaftari kichwani. Nyumba yetu ina vyumba viwili, nasi tumo pamoja na watoto watatu na mdogo wetu mmoja asomaye sekondari. Twala pamoja, twasali pamoja, twalala. Mwaona wenyewe ya kuwa hapana nafasi ya mume na mke kusemezana neno lisilosikiwa na mtoto. Mambo mazito hunong'onwa usiku wa manane, na mtu anong'onaye huku amechoka hukubali lolote ili apate usingizi.

Sasa habari ya Jumamosi. Katika nyumba nyingi tuzijuazo, hata za Wakristo, Jumamosi ya mume ni mapumziko, na Jumamosi ya mke ni kazi mara mbili. Mume akisema, "Twende tukatembee," mke hutazama beseni la nguo na madumu matupu. Hilo ndilo jibu letu la kwanza kwa mwalimu wa Momba: kizuizi kikubwa si motokaa, ni maji na nguo. Sisi twafanya hivi. Alhamisi jioni mume na mdogo wetu huteka maji mpaka mapipa yajae. Ijumaa usiku twafua sote wawili, na alfajiri mume huanika. Majirani walipomwona mwanamume akianika sketi za watoto wa kike, walisema amerogwa na mkewe. Waliendelea kusema kwa muda wa miezi miwili, kisha wakachoka. Chakula twachukua nyumbani: viazi vya kuchemsha, karanga, na chupa ya chai. Nauli hutoka katika kopo liwekwalo fedha kidogo kila juma; kopo lisipotosha, twaenda kwa miguu mahali pa karibu.

Jumamosi ya mwezi uliopita tulikwenda kukitazama kimondo cha Mbozi. Tulipanda basi dogo mpaka Vwawa, tukawaacha watoto kwa bibi yao, tukaendelea na barabara kuu iendayo Mbeya hata njia panda. Hapo tukashika pikipiki, kilometa zipitazo 10, kati ya mashamba ya kahawa, mpaka kijiji cha Ndolezi. Jirani mmoja alikuwa ametuuliza, "Mnalipa nauli kwenda kutazama jiwe?" Si jiwe, ni pande la chuma lenye urefu wa mita 3 hivi, na uzito wake wakadiriwa kuwa tani 16. Katika kila sehemu 100 zake, kama 90 ni chuma, na zilizobaki karibu zote ni nikeli. Lilianguka kutoka angani zamani sana, hata shimo la anguko lake halionekani tena. Wanyiha walilijua tangu kale. Habari zake zilifika kwa wataalamu wa nje mwaka 1930, mpima ardhi W. H. Nott alipoziandika. Baadaye udongo ulichimbwa pande zote, ndipo ukubwa wake ulipoonekana. Mwalimu alikuwa amechukua sumaku ya shuleni; akaigusisha, ikanata kwa sauti ndogo kama ya jino juu ya karanga. Twakiri tulirudia mchezo huo mara nyingi kuliko ipasavyo watu wazima.

Hapo tukakumbuka barua ya jamaa zetu, mume na mke waliohama huku wakaenda kukaa katika jimbo la Alberta, magharibi ya Kanada. Huko watu wafanyao kazi juma zima hutoka Jumamosi kwenda milimani, hata theluji ikiwa magotini, na jamaa zetu nao wamejifunza. Siku moja walikwenda mji wa Edmonton, katika jumba la makumbusho, wakaona chuma kilichoanguka kutoka angani kama chetu, ila uzito wake ni kilo 145 tu. Zamani kilikaa kilimani, nao Wacree na Wablackfoot walikiheshimu. Mwaka 1866 mmisionari George McDougall alikiondoa, akakipeleka misioni. Wazee wakasema vita na maradhi vitakuja, na nyati watakosekana. Na haikupita miaka mingi, ndui ikaua watu wengi, na nyati wakaisha. Chuma hicho kikapelekwa mbali mashariki, hakikurudi Alberta ila katika miaka ya 1970. Sisi hatusemi ya kuwa chuma ndicho kilicholeta ndui. Twasema tu ya kuwa wenyewe hawakuulizwa. Cha Mbozi kimebaki pale kilipoanguka, na huenda twapaswa kuushukuru uzito wake.

Tulipotaka kurudi, pikipiki iliyokuja kutuchukua ilipata pancha, basi tukashika njia kwa miguu. Jua lilikuwa lateremka, watu wakigeuza kahawa juu ya vichanja. Yawapasa kujua ya kuwa siku zile mwandishi wa karatasi alikuwa ameitiwa kazi ya Kasumbalesa, mpakani pa Zambia na Kongo, kwa mshahara mara mbili ya wa hapa, na jibu lilitakiwa Jumatatu. Nyumbani neno hili lilikuwa limenong'onwa mara tatu, na kila mara mke alijibu, "Wewe ndiwe ujuaye."

Mwendo wa nusu saa hatukusema neno. Kisha mke akasema, "Baba watoto, nyumbani kila nikifungua kinywa mtoto hugeuka kitandani. Sasa nasema. Baba yangu alikwenda Kitwe kwenye migodi ya shaba, akasema ni mwaka mmoja, akakaa tisa. Fedha zilifika, sare tulivaa. Yeye nilimjua kwa picha."

Mume hakujibu upesi. Akauliza, "Na chumba cha tatu? Na ada ya mdogo wetu?" Tukasimama kando ya njia, tukapiga hesabu mavumbini kwa kijiti: kodi ya chumba huko, chakula cha meko mawili, nauli za kuja na kurudi, fedha zipoteazo katika kubadilishwa. Mshahara uliokuwa mara mbili ukapungua, ukapungua tena, mwisho ukawa robo tu juu ya huu wa sasa. Mume aliitazama hesabu ile kwa muda, akaifuta kwa mguu. "Robo," akasema. Tukaendelea mpaka barabarani, tukafika Vwawa usiku, bibi amekasirika na uji umepoa.

Jumatatu ile mume alikataa kwa adabu, na kazi akapewa kijana asiye na mke. Hatutaki kuwadanganya wasomaji: jambo hili lina gharama. Chumba cha tatu hakina bati mpaka leo, na mdogo wetu alala sebuleni juu ya mkeka. Wako waume wema walioko Kasumbalesa na Lubumbashi kwa kuwa nyumba zao hazikupata njia nyingine. Wengine hesabu yao haikutoka robo. Hatuwahukumu. Twaomba tu kila mmoja wao awe amepiga hesabu hiyo pamoja na mkewe, mahali ambapo mke aweza kusema kwa sauti yake.

Mwezi ujao, kopo likitosha, tutakwenda kwenye maji ya moto ya Songwe, karibu na machimbo ya chokaa. Pana chemchemi zenye joto lifikalo kama nyuzi 80, basi watoto wadogo wasiachwe mikono. Msiuchanganye mto huo na Songwe wa Ileje: wa Ileje hutenga nchi yetu na Malawi na kushuka Ziwa Nyasa, lakini huu huenda kaskazini hata Ziwa Rukwa. Mwalimu wa Momba na mkewe wakipenda kufuatana nasi, basi huondoka Tunduma saa 12 asubuhi. Wachukue viazi vyao, sumaku tunayo.