Mchumba wa Tanga na Miguu ya Kwato

Hebu jiulize msomaji wangu, ukisikia neno jini, picha gani inakujia? Kama umekulia bara kwenye familia ya kanisani kama mimi, jini wako lazima ni mwanamke. Mrembo ile mbaya, kavaa baibui, ananukia udi, na ukishusha macho hadi miguuni unakutana na kwato. Kwao ni Tanga, au Pemba kama msimuliaji kaamua kwenda mbali. Sasa mbona jini huyu hatoki Moshi hata siku moja?

Nauliza kwa sababu ya rafiki yangu mmoja, kijana wa Kichaga mwenye kazi yake nzuri, aliyetaja nyumbani kwamba anaoa binti wa Tanga. Walikuwa wachumba miaka mitatu. Kikao cha familia hakikuuliza binti kasoma nini wala ana tabia gani. Shangazi mtu alisema tu, "Baba, wale watu wana majini," na kikao kikaishia hapo. Upande wa pili nako hakukuwa shwari, maana bibi wa binti alitaka kujua kama sufuria za kwa kina kijana zimewahi kupikiwa kitimoto. (Zimewahi, bwana. Tena sana!)

Shangazi si mtu mbaya. Ujuzi wake wa majini kaupata sehemu mbili. Ya kwanza ni kwenye maombi. Pepo akikemewa hutajwa kwa majina kama Maimuna au Subiani, na binti akichelewa kuolewa inasemekana ana jini mahaba. Hakuna mtu aliyetuambia waziwazi kwamba Mwislamu wa pwani ni wa kuogopwa. Sikio la mtoto liliunganisha lenyewe.

Ya pili ni mikanda ya video. Miaka ya 2000 deki ilikuwa sebuleni, na Karishika wa Nigeria, yule mwanamke aliyetumwa na Shetani kunasa watu, tulimtazama tukiwa tumejifunika shuka. Kisha Mussa Banzi akatuletea Shumileta, jini wa kike anayempenda binadamu. Tukajifunza kwamba mwanamke mzuri ambaye ukoo wake haujulikani ni wa kumtilia mashaka, hasa akijua kupika. Mimi filamu hizi nazipenda mpaka kesho, sikatai. Kinachoniudhi ni zinapopewa kiti kwenye kikao cha posa.

Kumbe kwa wenzetu jini ana sura nyingine kabisa. Kwa Waislamu majini ni viumbe walioumbwa kwa moto, na Kurani ina sura nzima, ya 72, inayosimulia kundi la majini lililoisikiliza Kurani likaamini. Wamo wema na wamo wapotovu, kama sisi tu. Mchumba mwenyewe alipoambiwa habari za kwato alicheka, halafu akauliza taratibu, "Kwani kwenu wote ni malaika?" Kijana akakosa jibu.

Kuna kitabu huwa nakikumbuka nikiona mambo haya, Frankenstein cha Mwingereza Mary Shelley, kilichotoka mwaka 1818. Wengi tunalijua lile zimwi la sinema lenye vyuma shingoni. La kitabuni linajifunza kuongea, tena kwa kuwachungulia wapenzi! Linajificha kwenye kibanda kilichoegemea nyumba ya familia moja maskini, na kupitia ufa wa ukuta linamwona kijana Felix akimfundisha lugha mchumba wake Safie. Safie ni binti wa Mturuki, Mwislamu, ambaye hakutaka mwanawe aolewe na Mkristo. Felix kampokea kwa mikono miwili. Siku zimwi linapopata ujasiri wa kubisha hodi, baba yake Felix, mzee kipofu, analikaribisha na kuzungumza nalo kwa heshima. Felix anaingia, analiona, analishushia fimbo. Yaani kijana huyuhuyu aliyevuka mpaka wa dini kwa ajili ya mapenzi! Hapo ndipo kitabu kinaponishika. Kumbe unaweza kumpenda mgeni mmoja kwa moyo wote na bado fimbo ikabaki nyuma ya mlango ikimsubiri mwingine.

Kwa hiyo wachumba mnaonisoma, kabla ya kufika kwenye mahari, ulizaneni mlitishwa na nini mlipokuwa wadogo. Mtacheka, ila sikilizeni vizuri huyo wa kutisha anatoka mkoa gani na anasali wapi.

Rafiki yangu na binti wake walifunga ndoa ya serikali, bomani, kama Sheria ya Ndoa ya 1971 inavyoruhusu. Shangazi hakwenda. Iddi ya mwaka jana walimpelekea biriani kwenye hotpoti, akala, akaomba na ya kesho. Walimpelekea na udi pia, wa zawadi. Huo hadi leo uko kibarazani, ndani ya mfuko wake, na mtu akiuliza anasema ni wa mgeni aliyeusahau.