Kupwa na Kujaa si Msamiati wa Mtihani Tu

Mwaka mmoja, mwezi wa Agosti, niliandamana na wanafunzi wangu kuzuru Hifadhi ya Bahari ya Watamu, iliyoanzishwa mwaka 1968. Maji yalikuwa yamepwa, na vijana hao, wengi wao wazaliwa wa bara, wakatembea kwa furaha hadi kwenye fungu la mchanga lililojitokeza mbali na ufuo. Mzee mmoja mvuvi alinijia akasema, "Mwalimu, leo ni bamvua. Waite wanao warudi." Nilimjibu kwamba wakati ungalipo. Nilipowaita hatimaye, maji yalikuwa yamekwisha kujaa baina yao na nchi kavu. Wa mwisho kuvuka alifikiwa na maji kifuani, naye hakujua kuogelea.

Fedheha yangu ni kwamba neno bamvua nililijua barabara. Muhula uliotangulia nilikuwa nimelitahini!

Hapa ndipo penye kosa letu walimu. Tunafundisha maneno ya bahari kama mapambo ya lugha, ilhali wenyeji wa pwani waliyaunda ili waishi. Bamvua huja mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu. Siku hizo tofauti ya kupwa na kujaa hupita mita 3. Mchanga huanikwa mbali, na maji hurejea kwa kasi. Mwezi unapokuwa nusu huwa ni maji mafu, na tofauti hiyo hupungua sana. Aidha, saa ya kupwa husogea mbele kwa takriban dakika 50 kila siku, hivyo saa ya salama ya jana si ya leo.

Majira nayo yana lugha yake. Kaskazi, takriban Desemba hadi Machi, bahari hutulia na maji huwa maangavu, ingawa jua ni kali. Kusi, takriban Aprili hadi Septemba, huleta upepo na mawimbi makubwa, na mkondo wa maji yanayopwa huvuta kwa nguvu kwenye milango ya mwamba. Likizo ya Desemba na ile ya Agosti hazikuti bahari moja, japo hifadhi ni ile ile.

Basi mwalimu anayepanga ziara na atazame kwanza jedwali la maji kujaa na kupwa, awaulize askari wa hifadhi na wavuvi hali ya siku hiyo, na ahakikishe kila mwanafunzi apandaye mashua amevaa jaketi la kuokolea. Maji yakianza kujaa, ziara ya fungu imekwisha, hata kama picha hazijapigwa.

Wahenga walinena kwamba maji usiyoyafika hujui kina chake. Mimi niliambiwa kina hicho kwa Kiswahili fasaha, nisisikie. Mwalimu mwenzangu, wewe sikia.